Inagonga mbele kushoto

Mke wangu ndiye aliyeisikia kwanza, maana ndiye anayekaa kushoto. Tulikuwa tunaingia kipilefti, nimekanyaga breki kidogo huku nakata usukani kulia, na chini ya miguu yake kukalia ngo! Mara moja, kavu, kama mtu amepiga sakafu kwa nyundo halafu akatulia kuona tutasema nini.

"Baba watoto, hiki kitu kitatuangusha."

Nikamwambia ni jiwe. Kesho yake jiwe likawa palepale, na keshokutwa pia. Kwenye rasta hakuna kelele. Kwenye tuta nikilipanda kwa matairi yote mawili ya mbele, kimya. Nikilipanda kimshazari, kama tunavyofanya wenye magari yaliyoshushwa ili bampa isikwaruze, ngo! Kwenye kipilefti, ngo! Shimo la kushoto, ngo! Shimo la kulia, hakuna kitu.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya 1991. Ni Mazda MX-5 ileile unayoijua, ila wakati huo Mazda walikuwa wakiiuza Japani kwa jina la Eunos. Milango miwili, viti viwili, taa zinazochomoza juu ya boneti usiku kama macho ya chura, injini ya 1,600 ambayo bodaboda wanaidharau mpaka ifike kona. Siri yake iko kwenye uzito, kilo 950 hivi, na kwenye miguu, kwani kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Ndiyo maana hadi Aprili 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja za ukoo huo.

Aliyeniuzia alikuwa ameshalishusha. Springi fupi, matairi yenye ubavu mfupi, na stabilaiza ya mbele, ile fimbo inayolizuia gari kulala kwenye kona, nene kuliko ya kiwandani. Lilikuwa limekaa chini kama paka anayevizia. Sikuuliza maswali. Ukinunua gari kwa macho, maswali yote unayauliza baadaye, na unayauliza kwa pesa.

Fundi wa kwanza alitikisa gurudumu, akasikiliza, akasema boljointi, kile kiungo cha tufe kati ya mkono na gurudumu. Tukabadilisha boljointi. Ngo! Wa pili akasema ni maunti, kile kishikio cha juu cha shokapu. Tukabadilisha zote mbili, na simlaumu kwa hilo, kwani za zamani zilikuwa zimepasuka kweli. Ngo! Wa tatu hakushika hata spana. Alilala chini ya gari akiwa na tochi ya simu, akatoka na vumbi mgongoni, akasema, "Bosi, hapo toa stabilaiza tu, kelele ziishe."

Ushauri wa kung'oa kitu ili kisigonge unaweza kuusikia gereji yoyote mjini, na kwa kawaida naukwepa. Lakini nilipofika nyumbani nikawaza: jamaa hajakosea chote. Nikafungua linki mbili zinazoiunganisha stabilaiza na mikono ya chini, nikazifunga ncha zake kwa waya zisining'inie, nikatoka. Kipilefti, kimya. Tuta kimshazari, kimya. Shimo la kushoto, kimya.

Kelele ziliisha, ila na gari nalo liliisha. Kwenye kona lililala ubavu kama daladala iliyojaza upande mmoja, na ile hali ya kulielekeza kwa wazo tu ikapotea. Angalau sasa nilijua mshitakiwa ni nani.

Kwa asiyewahi kuitazama, stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa kama herufi U pana. Kitako cha U kimefungwa kwenye chasisi kwa bushi mbili za mpira, na kila mkono wake unafika karibu na gurudumu, ukaunganishwa kwa linki fupi. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, fimbo inajizungusha tu ndani ya bushi zake, haina neno. Moja likipanda na jingine likishuka, fimbo inasokotwa kama nguo inayokamuliwa, nayo inakataa. Ukaidi huo ndio unaolizuia gari kulala kwenye kona. Unene wake una hesabu ya kutisha, kwa kuwa ugumu unakua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Ukitoka fimbo ya 19 mm kwenda ya 22 mm, zote za chuma kisicho na tundu ndani, macho hayaoni tofauti, lakini ugumu umeongezeka kwa karibu asilimia 80. Aliyeniuzia alijua hilo, nadhani. Ambalo hakulijua, au alilijua akanyamaza, ni la linki.

Linki za kiwandani zina urefu mmoja usiobadilika. Urefu huo ulipangwa kwa gari lililokaa kwenye kimo chake cha kuzaliwa. Sasa ukilishusha kwa milimita 45, chasisi ndiyo iliyoshuka, gurudumu liko palepale barabarani. Kwa hiyo, ukiangalia kutoka kwenye chasisi, mkono wa chini umepanda. Linki imekaa juu ya mkono huo, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka kwenye bawaba kwenda gurudumuni, kwa hiyo nayo imepanda, kwangu milimita 25 hivi, na imeisukuma ncha ya stabilaiza juu kwa kiasi hichohicho. Gari limesimama tu getini, halijaenda popote, na stabilaiza tayari imenyanyua mikono kama mtu aliyekamatwa.

Juu yake kuna nini? Mkono wa juu. Nao hupanda gurudumu likipanda, lakini sehemu yake iliyo karibu na bawaba hupanda kidogo sana. Stabilaiza inapanda upesi, kinachoifunika kinapanda taratibu. Mahali fulani watakutana.

Hiyo ilikuwa nadharia, na nadharia nilishalipia ya boljointi na ya maunti. Safari hii nilitaka ushahidi. Binti yangu wa miaka sita ana plastisini, ule udongo laini wa rangi wa kufinyangia. Nikamwomba wa kijani. Akanipa wa kahawia, kwa sababu wa kijani ni wa nyoka.

Kuingia chini ya gari lililoshushwa ni kazi yenyewe. Jeki yangu haiingii. Unapanda kwanza juu ya vipande viwili vya mbao, ndipo jeki inaingia, kisha unaweka stendi chini ya chasisi, kisha unalitikisa gari kwa mkono kabla hujaweka kichwa chako huko. Tafadhali usiruke hilo la mwisho. Nikang'oa gurudumu la kushoto na la kulia, nikafuta grisi kwa kitambaa chenye petroli, nikabandika vipande vya plastisini vinene kama kidole juu ya stabilaiza, pale inapokunjwa, na juu ya kila kichwa cha bolti kilicho karibu. Nikafunga tena linki na magurudumu, nikaenda kuzunguka mtaa: tuta kimshazari mara mbili, kipilefti mara moja, nyumbani.

Kulia, plastisini ilikuwa nzima, ina vumbi tu. Kushoto, ilikuwa imebanwa hadi ikawa karatasi, na katikati chuma kimeonekana kikiwa cheupe. Nikapapasa upande wa chini wa mkono wa juu nikakuta kovu linalolingana nalo, limechimbika kidogo, linang'aa. Yale mapigo yote, wiki tano, yalikuwa yameandikwa hapo.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kisha nikaanza kuuliza kwa nini kushoto tu.

Jibu la kwanza lilionekana nilipopima kwa rula. Stabilaiza ilikuwa imesogea kushoto milimita sita. Bushi zile mbili zinaishika ili izunguke, haziishiki isitembee kwenda pembeni, na za kwangu zilikuwa zimelika hadi fimbo inacheza. Kwa hiyo upande wa kushoto kona yake ilikuwa imekaa pabaya, chini kabisa ya mkono, na kulia ilikuwa ikipita kwa upenyo. Nikafurahi. Nilidhani nimemaliza kesi.

Hapa kila mtu alikuwa na ushauri. Jirani mmoja akasema mkono wa juu una nyama ya kutosha, upige grenda milimita tatu. Sikumjibu. Mkono ule ndio unaoshika gurudumu lisilale, na ukinyolewa palepale panapopigwa nyundo kila siku, sitaki kuwa kwenye Barabara ya Morogoro siku utakapoamua kupumzika. Mwingine, kijana mwenye mtungi wa gesi, alitaka kuichoma stabilaiza iwe nyekundu aikunje chini kidogo. Kazi ya dakika kumi, elfu ishirini. Tatizo ni kwamba chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo ili kiwe na ule ukaidi wake, na ukikifanya chekundu tena kwa gesi umekirudisha kuwa nondo. Kitakunjika vizuri sana, na kitaendelea kukunjika.

Dawa ilikuwa kwenye linki. Ukiifupisha, ncha ya stabilaiza inashuka, na mikono yake inarudi kwenye pembe iliyokusudiwa. Linki za kurekebishika zinauzwa nje, ila kuzisubiri bandarini kwa ajili ya ngo moja niliona uvivu. Nikaenda Gerezani, mtaa wa mafundi vyuma Dar es Salaam.

Mzee mkereza vyuma niliyeelekezwa kwake alikuwa anakereza shafti ya pampu ya maji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikasubiri. Alipozima mashine nikamwekea mezani linki ya zamani, na vichwa vinne vyenye tufe la chuma linalozunguka ndani yake, viwili vya nyuzi za kulia, viwili vya nyuzi za kushoto.

"Unataka nini katikati?"

"Kipande cha pembe sita, mzee, kitobolewe ncha zote mbili. Huku nyuzi za kulia, huku za kushoto. Nikikizungusha kwa spana kinarefuka au kinafupika bila kufungua chochote."

Akakipima kichwa kwa kalipa, akakipima tena. "Na nati za kubana?"

Nilikuwa nimezisahau. Bila nati za kubana, kipande kingejizungusha chenyewe barabarani na linki ingeachana ikiwa safarini. Akatikisa kichwa, akafungua kopo la maziwa lililojaa nati, akachambua nne, mbili za kulia, mbili za kushoto. Za kushoto alizipata chini kabisa. "Hizi utanirudishia ukipata zako," akasema, na alimaanisha.

Nilikaa pale saa mbili nikinusa mafuta ya kukatia na kutazama chuma kikitoka kama kamba za chapati. Alipomaliza alikizungusha kipande kwa vidole viwili, kikaenda hadi mwisho bila kukwama. Sijawahi kununua kitu dukani kikanipa raha kama hiyo.

Tukizungumzia kufunga, hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea. Nilifupisha linki kwa milimita 25 kamili, kwani hesabu ilisema 25. Nikang'oa springi pamoja na shokapu yake, bila kuifungua, ili niweze kulipandisha gurudumu kwa jeki polepole, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, huku natazama kwa tochi. Juu kulikuwa na nafasi nzuri, kidole kizima. Nikashusha gurudumu lining'inie, na stabilaiza ikashuka nalo hadi ikakaribia kulalia tairodi, ile fimbo ya usukani. Ningeondoa kelele ya kupanda nikaleta ya kushuka, tena kwenye usukani. Nikarefusha kidogo, nikajaribu, nikarefusha tena. Tulikubaliana kwenye 18, nikikata usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho kila mara, maana vitu vinavyopishana vizuri gurudumu likiwa limenyooka hugongana ukikata.

Nafasi ninayoikubali ni ya kidole, milimita 10 au zaidi. Gari likiwa kwenye jeki kila kitu kimetulia, lakini barabarani mpira wa bushi unajivuta, na kile ulichokiacha milimita mbili kitafikiwa.

Stabilaiza nikairudisha katikati, nikaweka bushi mpya, na nje ya kila bushi nikabana pete ya chuma yenye skrubu ili fimbo isitembee tena. Grisi ya bushi usiiache, isipokuwa unataka gari lilie kama kitanda cha gesti.

Kisha sembe. Linki za kurekebishika zina hatari moja: ukizifunga za urefu tofauti na gari lilivyokaa, stabilaiza inabaki imesokotwa hata gari likiwa limesimama, na gari litakata kona za kushoto vizuri kuliko za kulia bila wewe kujua kwa nini. Kwa hiyo unalishusha chini, kwenye sakafu iliyo sawa, uzito wa dereva ukiwa ndani. Mimi ndiye dereva na mimi ndiye fundi, siwezi kuwa pande zote mbili. Nikachukua viroba vitatu vya sembe vya kilo 25 kutoka duka la jirani, kwa makubaliano kwamba sitavitoboa, nikavikalisha kwenye kiti changu na kuvifunga mkanda. Linki ya kulia nikaifunga. Ya kushoto nikaizungusha robo kwa robo, hadi bolti ikaingia tunduni kwa kusukumwa na kidole gumba, haihitaji nyundo. Hapo ndipo nikakaza. Wakati huohuo nikalegeza na kukaza upya bolti za bushi za mikono, maana fundi wangu wa boljointi alizikaza magurudumu yakiwa hewani, na bushi za gari hili zimegandishwa kwenye chuma. Zikikazwa mguu ukining'inia, zinaishi maisha yao yote zikiwa zimesokotwa.

Jioni nikatoka. Tuta kimshazari, kimya. Shimo la kulia, kimya. Shimo la kushoto, kubwa, lile la mbele ya duka la mbao: ngo.

Ndogo. Ya mbali. Lakini ngo.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikarudisha plastisini, ikatoka imebanwa kidogo, kushoto tena. Stabilaiza ilikuwa katikati, linki sawa, hesabu sawa. Nikaanza kung'oa kila kitu cha kushoto bila mpango, kwa hasira tu, na nilipoivuta shokapu nje na kuifungua nikaona fimbo yake inang'aa tupu kutoka juu hadi chini. Stopa haipo. Ule mpira mnene unaokaa kwenye fimbo ya shokapu, ambao kazi yake ni kuliambia gurudumu "hapa mwisho", ulikuwa umeoza na kubaki makombo ya njano ndani ya kava ya vumbi. Kulia ulikuwepo, umekatwa nusu kwa kisu na yule aliyelishusha, lakini upo.

Kumbe gurudumu la kushoto lilikuwa linapanda hadi mahali ambapo halikupaswa kufika kamwe, na stabilaiza ililifuata kwa utii. Mimi nilipojaribu kwa jeki nilisimama pale nilipodhani ni mwisho. Shimo la duka la mbao lilikuwa na maoni tofauti. Nikaweka stopa mpya pande zote mbili, fupi zinazofaa springi fupi, zima, za kisu hapana. Kulipandisha gari kidogo kungesaidia pia, ningekuwa na koilova, zile shokapu za kurekebisha kimo, ningelipandisha milimita 10 bila aibu.

Usiku ule, mji ukiwa umetulia, nikaenda kwenye kipilefti. Nikazunguka mara moja, breki kidogo, usukani kulia. Kimya. Nikazunguka ya pili kwa kasi zaidi kidogo. Ya tatu nikafungua dirisha la kushoto. Ya nne nikazima redio, ingawa ilikuwa imezimwa. Ya tano askari wa trafiki akajitokeza gizani akaninyooshea mkono.

"Umepotea?"

"Hapana, afande. Nasikiliza."

Alilizunguka gari taratibu, akainama akamulika chini ya bampa. Kiganja chake hakikutosha kupita.

"Na matuta unapitaje na hiki kitu?"

"Kimshazari, afande."